Tanzania 2021: Mwaka wa marais wawili, tozo, chanjo na Nobel

Mwaka 2021 Tanzania iliongozwa na marais wawili bila uchaguzi kufanyika. John Pombe Magufuli aliuanza mwaka akiwa na muhula mpya wa miaka mitano mkononi. Samia Suluhu Hassan aliumaliza akiwa Ikulu. Wote wawili walitoka chama kimoja, CCM, na walisimama pamoja kwenye karatasi moja ya kura Oktoba 2020.

Hata hivyo, ndani ya miezi tisa mambo mengi yaligeuka: msimamo kuhusu corona, uhusiano na majirani, hata suala la nani anaruhusiwa kurudi darasani. Mengine hayakugusika kabisa. Haya ndiyo matukio makubwa ya mwaka huo, mwezi kwa mwezi.

Januari: Chanjo yakataliwa

Mwaka ulianza Tanzania ikiwa haitoi takwimu za corona. Hesabu zilisimama tangu Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na Serikali ilishasema ugonjwa umeondoka kwa maombi.

Januari 27, akiwa Chato mkoani Geita, Rais Magufuli aliionya Wizara ya Afya isikimbilie chanjo za kutoka nje bila kujiridhisha. Siku chache baadaye, Februari 1, Waziri wa Afya Dorothy Gwajima alisema nchi haina mpango wa kupokea chanjo. Wananchi walishauriwa kujifukiza, kunawa mikono na kula vyakula vya kujenga mwili.

Katika siku hizohizo, chama cha ACT Wazalendo kilitangaza kwamba mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, ameambukizwa corona. Wakati huo si rahisi kiongozi kusema hivyo hadharani.

Februari: Misiba miwili siku moja

Februari 17 ilikuwa siku nzito. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa kwao Mtambwe, Pemba. Alikuwa amegombea urais wa Zanzibar kila uchaguzi tangu 1995, na miezi miwili tu kabla alikubali kuingia kwenye Serikali ya Umoja wa Kitaifa chini ya Rais Hussein Mwinyi. Nafasi yake ilichukuliwa na Othman Masoud Othman, aliyeapishwa Machi 2.

Siku hiyohiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi, jijini Dodoma. Wiki iliyofuata barabara za juu za Ubungo, Dar es Salaam, zilizinduliwa kwa jina lake.

Mwezi huo ulikuwa na furaha yake pia. Februari 23 Simba iliifunga Al Ahly ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika, bao 1-0 kwa Mkapa. Bao la Luis Miquissone lilizungumzwa vijiweni kwa wiki nzima.

Februari 27 Rais Magufuli alimwapisha Bashiru Ally kuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuonekana hadharani.

Machi: Wiki mbili za maswali

Kuanzia wiki ya pili ya Machi swali lilikuwa moja: Rais yuko wapi? Tundu Lissu, aliyegombea urais kwa tiketi ya Chadema, aliliuliza wazi kwenye mitandao. Machi 12 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Njombe, alisema Rais ni mzima na anachapa kazi. Machi 15 Makamu wa Rais Samia, akiwa ziarani Tanga, alisema binadamu kuugua mafua au homa ni kawaida. Polisi nao walikamata watu kwa madai ya kusambaza uvumi kuhusu afya yake.

Usiku wa Machi 17 Samia alionekana kwenye televisheni ya taifa. Alitangaza kwamba Rais Magufuli amefariki jioni ya siku hiyo katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa maradhi ya moyo aliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa na umri wa miaka 61.

Alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Muungano kufariki akiwa madarakani. Hakukuwa na mfano wa nyuma wa kufuata. Kilichokuwepo ni maandishi ya Katiba.

Katiba ilisema nini?

Ibara ya 37(5) inasema Rais akifariki, Makamu wa Rais ataapishwa na kumalizia muda uliobaki wa miaka mitano. Hakuna uchaguzi mpya. Rais mpya akishashauriana na chama chake, anapendekeza jina la Makamu, na Bunge linalithibitisha kwa kura.

Ibara ya 40 nayo inaweka hesabu ya mihula. Aliyerithi akiwa amebakiza miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Samia alirithi miaka zaidi ya minne, kwa hiyo alibaki na nafasi moja ya kugombea.

Machi 19 Jaji Mkuu Ibrahim Juma alimwapisha Ikulu, Dar es Salaam. Akawa Rais wa sita, mwanamke wa kwanza kushika urais Tanzania, na wa pili kutoka Zanzibar baada ya Ali Hassan Mwinyi. Tangu kifo kutangazwa hadi kiapo, hazikutimia siku mbili.

Mazishi na mkanyagano

Mwili wa Magufuli ulipitishwa Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, Mwanza na Chato. Watu walijaa barabarani, wengine wakitandika kanga njiani gari la mwili lipite juu yake.

Machi 21, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, umati ulizidi nguvu na watu wakakanyagana. Polisi baadaye walithibitisha vifo vya watu 45, wakiwemo watoto. Wengi walikuwa wamekwenda kuaga tu. Machi 26 Magufuli alizikwa Chato, nyumbani kwao.

Machi 30 Samia alimpendekeza Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha, kuwa Makamu wa Rais. Wabunge wote waliopiga kura walimkubali. Kesho yake akaapishwa, na baraza la mawaziri likapanguliwa: Liberata Mulamula alikwenda Mambo ya Nje, Mwigulu Nchemba akakabidhiwa Fedha.

Aprili: Upepo unabadilika

Aprili 6, wakati wa kuapisha makatibu wakuu, Samia alisema mambo matatu yaliyoonyesha njia mpya. Ataunda kamati ya wataalamu wa corona, maana nchi haiwezi kujitenga kama kisiwa. Vyombo vya habari vilivyofungiwa vifunguliwe. Na watoza kodi waache kutumia mabavu kwa wafanyabiashara.

La pili lilileta mkanganyiko mapema tu, kwa sababu ufafanuzi wa Serikali ulisema agizo lilihusu televisheni za mtandaoni. Magazeti kama Tanzania Daima na MwanaHalisi yalisubiri hadi Februari 2022 kurudishiwa leseni.

Aprili 11 Samia alikwenda Uganda, safari yake ya kwanza nje akiwa Rais. Mjini Entebbe zilisainiwa hati muhimu za bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga.

Aprili 22, akilihutubia Bunge, alisema yeye na mtangulizi wake ni kitu kimoja. Aprili 30 mkutano mkuu wa CCM ulimchagua kuwa mwenyekiti wa chama. Sasa alishika vyote viwili, dola na chama.

Mei: Nairobi, mishahara na Simba

Mei 1, sherehe za wafanyakazi jijini Mwanza, hakukuwa na nyongeza ya mshahara. Samia aliahidi ya mwaka unaofuata. Badala yake kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8, na waliokopa Bodi ya Mikopo wakaondolewa ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inavimbisha deni kila mwaka. Kwa vijana waliomaliza chuo bila ajira, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Mei 4 na 5 alikuwa Nairobi. Mwezi Machi Kenya ilikuwa imezuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu, kabla ya kuyaruhusu kwa masharti. Samia alihutubia mabunge mawili ya Kenya kwa pamoja, na baada ya ziara hiyo malori yaliyokwama mpakani yalianza kupita.

Mei 8 mashabiki walijaa Mkapa kwa mechi ya Simba na Yanga ambayo haikuchezwa. Muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga wakagoma, watu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Ilipochezwa Julai 3, Yanga walishinda 1-0, ingawa ubingwa wa ligi ulikwenda Simba. Kimataifa Simba walitolewa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na Kaizer Chiefs: walifungwa 4-0 Afrika Kusini, wakashinda 3-0 nyumbani.

Juni: Bajeti iliyoingia mfukoni

Bajeti ya kwanza ya Mwigulu Nchemba ilisomwa Juni 10. Bodaboda walifurahi: faini ya kosa la barabarani ilishushwa kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000. Wenye nyumba waliambiwa kodi ya jengo itakatwa kwenye Luku, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Makato hayo yalianza Agosti 20, na aliyebeba mzigo mara nyingi ni mpangaji anayenunua umeme.

Lakini jambo lililowasha moto lilikuwa moja: tozo ya miamala ya simu.

Julai: Moto, tozo, chanjo na kukamatwa

Mambo manne makubwa yalibanana ndani ya mwezi mmoja.

Usiku wa Julai 10 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Jengo hilo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa miaka ya 1970 na lilikuwa alama ya jiji. Wafanyabiashara walipoteza mali, na wengi wao hawakuwa na bima.

Julai 15 tozo ikaanza kukatwa. Kwa kila kutuma au kutoa hela kwa simu, Serikali ilichukua kuanzia Sh10 hadi Sh10,000 kulingana na kiasi, na hiyo ni juu ya ada ya kampuni ya simu. Serikali ilisema fedha zitajenga barabara za vijijini, madarasa na vituo vya afya. Mtaani hesabu ilikuwa nyingine. Mtoto wa Dar anayemtumia mama yake Sh20,000 Singida alikatwa wakati wa kutuma, na mama akakatwa wakati wa kutoa kwa wakala. Wengine walirudi kwenye njia ya zamani ya kumpa kondakta wa basi bahasha. Baada ya kelele kuzidi, mwanzoni mwa Septemba tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30.

Julai 21 mwenyekiti wa Chadema, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza usiku, saa chache kabla ya kongamano la kudai Katiba mpya. Siku tano baadaye alifikishwa mahakamani akishtakiwa kwa makosa ya ugaidi, ambayo hayana dhamana. Alikana. Aliumaliza mwaka akiwa mahabusu, hadi Machi 4, 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi.

Julai 24 ndege ilitua Dar es Salaam na dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson, zilizotolewa na Marekani kupitia mpango wa COVAX. Julai 28 Samia alichanjwa mbele ya kamera Ikulu. Kutoka ile hotuba ya Chato hadi sindano hii ilikuwa miezi sita kamili.

Agosti: Chanjo yagawa watu, risasi zarindima

Kuleta chanjo ilikuwa rahisi kuliko kuwashawishi watu. Mwanzoni mwa mwaka walikuwa wameambiwa zina hatari, na sasa viongozi waliwaambia ni salama. Waziri wa Afya alikuwa yuleyule. Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe kupitia CCM, alizipinga kanisani kwake bila kujificha. Bunge lilimsimamisha. Vituo vingi vilifunguliwa, ila foleni hazikuwa ndefu.

Agosti 25, mchana kweupe, mtu mwenye bunduki alifyatua risasi karibu na ubalozi wa Ufaransa, eneo la daraja la Selander, Dar es Salaam. Aliua polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi kabla ya kuuawa. Picha za simu zilisambaa dakika chache tu baada ya tukio.

Septemba: New York na machinga

Septemba Stergomena Tax aliteuliwa Waziri wa Ulinzi, mwanamke wa kwanza nchini kushika wizara hiyo. Septemba 23 Samia alihutubia Umoja wa Mataifa, New York.

Nyumbani, aliwaagiza wakuu wa mikoa wawapange machinga bila fujo. Tangu mwishoni mwa 2018 wamachinga walikuwa na vitambulisho vya Sh20,000 vilivyotolewa na Magufuli, na waliuza karibu popote. Oktoba na Novemba vibanda vya pembezoni mwa barabara vilivunjwa, kuanzia Kariakoo hadi Mwenge na mikoani. Watembea kwa miguu walipata njia. Wauzaji wengi walipelekwa kwenye masoko yasiyo na wateja, na kitambulisho walichokilipia hakikuwasaidia kitu.

Oktoba: Mzanzibari ashinda Nobel

Oktoba 7 Abdulrazak Gurnah alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi na kufundisha Uingereza. Riwaya yake Paradise iko kwenye pwani na bara la Afrika Mashariki kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza.

Viongozi wa Tanzania na Zanzibar walimpongeza. Mitandaoni ukazuka ubishi: ni wetu au si wetu? Sheria ya Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa watu wazima, na ushindi wake uliirudisha hoja ya watu wa ughaibuni mezani. Vitabu vyake vyenyewe vilikuwa adimu madukani.

Oktoba 10 Samia alizindua jijini Dodoma mpango wa Sh1.3 trilioni, mkopo nafuu kutoka IMF kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya msingi. Wakuu wa wilaya walikesha kwenye maeneo ya ujenzi wakikimbizana na tarehe ya Desemba.

Novemba: Mlango wa shule wafunguliwa

Juni 2017 Magufuli alisema hadharani kuwa chini ya utawala wake msichana aliyezaa hatarudi shule ya Serikali. Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, zikiwemo ujauzito, wataruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi.

Kilichobadilika hapo ni uamuzi wa Serikali, si sheria iliyopitishwa na Bunge. Ndiyo maana waliosherehekea walitaka pia haki hiyo iandikwe kwenye sheria: kilichofunguliwa na tangazo kinaweza kufungwa na tangazo.

Siku moja kabla, UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Afrika kupewa heshima hiyo.

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa ikisaka maji. Mvua zilichelewa, mto Ruvu ukapungua, mgawo ukaanza. Madumu yakapanga foleni, na bei ya maji ya kuuziwa ikapanda.

Desemba: Miaka 60 ya Uhuru

Desemba 9 Tanzania Bara ilitimiza miaka 60 ya uhuru. Gwaride lilifanyika Uwanja wa Uhuru, uleule ambako miezi tisa nyuma watu 45 walipoteza maisha.

Siku za mwisho za mwaka Spika Job Ndugai alikosoa mwenendo wa kukopa, akihofia nchi ingekuja kupigwa mnada. Samia alimjibu hadharani mapema Januari. Ndugai alikuwa ameshaomba radhi, lakini Januari 6, 2022 akajiuzulu uspika.

Kilichogeuka na kilichobaki

Kilichogeuka: corona kutambuliwa rasmi, chanjo kuruhusiwa, uhusiano na Kenya kulegea, wasichana waliojifungua kurudi shule, safari za nje za Rais kuanza tena.

Kilichobaki: zuio la mikutano ya hadhara ya vyama, lililowekwa 2016, lilidumu mwaka wote na halikuondolewa hadi Januari 2023. Katiba ilibaki ile ya 1977. Samia aliomba apewe muda ajenge uchumi kwanza.

Katiba hiyohiyo ndiyo iliyovusha nchi Machi 17 usiku bila risasi wala ubishi wa nani arithi. Ila karibu kila kilichogeuka baada ya hapo kiligeuka kwa neno la Rais, kama kilivyokuwa kimewekwa kwa neno la Rais. Kwa machinga mwenye kitambulisho na kwa binti aliyengoja miaka minne nje ya geti la shule, huo ndio ulikuwa mwaka 2021.